Kichwa Kilichonyolewa Kabla ya Matanga

Nimechoka kusimulia hii habari vipande vipande. Huyu ananishika kwenye foleni ya maji, yule ananiuliza katikati ya kushona, mwingine ananifuata mpaka mlango wa choo cha ploti akisema, "Ati ni kweli bwana yako anavaa leso?" Basi. Nimenunua daftari, nimekaa chini, naandika mara moja. Mkimaliza mpitishiane, halafu mniache nishone sweta zangu.

Wengi wenu hamkumjua Simiyu. Ndiye mume wangu, baba ya binti yangu Nanjala. Aliondoka nyumbani kwao Myanga, upande wa Bungoma, mtoto akiwa na miezi miwili, akaenda Dar es Salaam kutengeneza malori, ati miezi sita tu. Mtoto sasa ana miaka mitatu. Simu zilikuja, zikapungua, zikakatika. Mwaka jana dereva mmoja wa trela alipita hapa Kitale akaniambia Simiyu aliacha gereji, anaishi kwenye hekalu la Wabudha na anafagia uwanja. Nilidhani pombe ilikuwa imemwingia yule dereva.

Mambo ya makaratasi na tikiti za safari ya kumfuata sitayaandika. Mtu yeyote anaweza kupanga laini.

Kitale mpaka Myanga

Jumapili jioni nilipigiwa simu kwamba baba mkwe amefariki. Nililia mpaka jirani akagonga ukuta. Yule mzee ndiye mtu pekee kule Myanga aliyenihesabu kuwa mtu. Mwanawe alipopotea, yeye aliendelea kunipigia mabati nyumba yangu pale bomani, akanipimia kipande cha shamba kutoka barabarani mpaka kisimani, akasema, "Hapa ni pa mama wa mjukuu wangu." Lakini alisema akiwa na mimi na kuku. Shahidi mwingine hakuwepo.

Jumatatu nilifika na Nanjala mgongoni. Mama mkwe alikuwa ameketi chini, ameegemea ukuta. Barasa, mdogo wake Simiyu, alikuwa anazunguka boma na daftari kama mkaguzi wa shule.

"Shemeji," akaniambia, "ulikuja kulilia nyumba ama kulilia mzee?"

"Nimekuja kumlilia baba yangu."

"Baba yako yuko Kitale. Huyu ni wetu. Na huyo bwana yako alikufa kitambo, ni vile tu hatujamzika."

Ndugu ya marehemu, ambaye sote tunamwita Baba Mdogo, alimnyamazisha, akanieleza mambo yalivyokaa. Maziko ni Jumamosi. Siku ya tatu baada ya hapo, Jumanne, watu wa boma watanyolewa nywele, akianza kifungua mimba. Akishanyolewa atasimama atamke maneno ya marehemu: hili ni la nani, lile ni la nani. Likitamkwa siku hiyo, limekaa. Kifungua mimba ni Simiyu. Asipokuwepo atasimama wa pili, na wa pili ni Barasa.

Sikuhitaji kuelezewa zaidi. Nikamtazama Barasa, naye akafungua ukurasa mpya.

Mama mkwe akaniita ndani. Alinipa koti la mzee, lile la sufu la kijivu, kola imechakaa, linanuka moshi na tumbaku. Mnaotoka Myanga mnalijua. Alilivaa Januari kwenye jua kali, alilivaa kanisani, mtu hakuwahi kuliazima hata siku moja.

"Mfuate Simiyu, mwekee mikononi," akasema. "Akiliona hutahitaji kusema neno."

Bungoma mpaka Nairobi

Jumanne asubuhi nilipandia basi Kanduyi, kituo cha Bungoma. Nilikuwa na mfuko mmoja, chupa ya uji, njugu za kukaanga ambazo mama mkwe alimtumia mwanawe, na lile koti chini kabisa. Nanjala alianza kutapika kabla ya Webuye.

Mzee mmoja wa Biblia aliketi kando yangu. Alikuwa mtu mzuri, alinishikia mtoto nikipangusa viti. Kosa langu ni kwamba aliniuliza ninakoenda nami nikamwambia ukweli.

"Wabudha! Dada yangu, hao wanaabudu sanamu ya mtu ana tumbo hivi." Akachora tumbo hewani. "Wanakula nyoka. Usinywe hata maji yao."

Akaniombea. Aliomba kwa sauti, mkono juu ya kichwa changu, watu wakigeuka, mtoto akilia. Aliposhuka Nakuru alisema nimefunguliwa. Nilikuwa nimefunguliwa kweli, kilemba kilikuwa kimeanguka.

Nairobi mpaka Dar

Tulitoka Nairobi Jumatano mapema, tukavuka Namanga, na hapo ndipo Kiswahili changu kilianza kunitia aibu. Basi liliposimama karibu na Arusha nilimwendea mama mmoja wa mkahawa nikasema, "Nipe chai na mandazi mbili."

Akaniangalia polepole. "Dada, unakwenda kuzima moto?"

"Nina haraka, basi litaniacha."

"Basi halijakukataza kusema naomba. Wakenya nyie, mnaagiza chai kama mnakamata mwizi."

Watu wakacheka. Nikasema naomba. Chai ikaja, na mandazi tatu badala ya mbili, na mtoto akapewa ndizi bure. Nilikasirika hata zaidi. Ukimkasirikia mtu, halafu akupe ndizi, ile hasira utaipeleka wapi?

Ng'ambo ya Korogwe basi likafa. Dereva alilala chini yake, akatoka, akalala tena. Tulikaa pale mpaka alfajiri ya kesho yake, ndipo likawaka. Wenyeji walituletea mihogo ya kuchemsha na machungwa. Aliyekaa na mimi alikuwa Mwajuma, mama wa makamo anayefanya biashara ya kanga, ambaye aliongea bila kupumua na kunilazimisha kumpa mtoto amlaze mapajani mwake.

"Hekalu la Wabudha nalijua," akasema. "Watu wapole. Hawaui hata mbu."

"Hawaui mbu? Dar?"

"Wanampuliza. Fuu!"

Nikafikiri: mtu ameshindwa kukaa na mke mmoja, sasa anaishi kwa amani na mbu.

Hekaluni

Alhamisi, saa sita ikikaribia, Mwajuma alinifikisha getini kisha akaenda zake. Nilikuwa na siku mbili sijanawa uso vizuri. Uwanja ulikuwa wa mchanga, umefagiwa mistari mistari. Kulikuwa na mti mkubwa wenye majani kama moyo, umezungushiwa ukuta mfupi, na maua yaliyoanza kunyauka chini yake. Na kulikuwa na mwanamume ameshika ufagio, amejifunga nguo ya rangi ya kutu, bega moja nje.

Sikumtambua. Nilitambua miguu.

Nataka muelewe kosa nililofanya hapo, kwa sababu nyinyi pia mngelifanya. Simiyu alikuwa anapenda nywele zake kuliko alivyonipenda mimi. Alitembea na kitana mfukoni. Sasa kichwa chake kiling'aa, kimenyolewa kwa wembe, jana au juzi. Baba yake alikufa Jumapili. Kwetu kichwa kama hicho, wiki kama hiyo, kina maana moja tu. Nikajua ameshapata habari, na amejinyoa hukohuko.

"Umenyoa," nikamwambia. Hata salamu sikutoa.

"Mama Nanjala!" Akaacha kufagia. "Ndiyo. Jana."

"Na hukuona haja ya kuja nyumbani kwanza?"

"Nilijua mtakasirika."

"Nani alikunyoa?"

"Mtawa mkubwa. Tulinyolewa sote."

"Wote! Hao wengine inawahusu nini?"

"Ndiyo njia yetu hapa."

"Ulilia?"

Akanitazama kama mtu ambaye hajaelewa. "Kwa nini nilie? Nilikuwa na amani."

Amani! Mzee yuko baridini mochari kule Bungoma, yeye ana amani. Nikaamua koti sitoi. Nikamnyooshea mfuko wa njugu peke yake, na hapo akarudi nyuma, akatandaza kitambaa chini.

"Weka hapo. Siruhusiwi kupokea mkononi mwa mwanamke."

"Njugu zangu zina kipele?"

Nanjala alikuwa amejificha nyuma ya sketi yangu. Akachungulia. "Mama, huyu ni nani?"

"Muulize mwenyewe."

Hakumuuliza. Naye Simiyu hakunyoosha mkono. Ati hata mtoto wa kike, wa kwake mwenyewe, hapaswi kumshika. Sijui kama mmewahi kutaka kumpiga mtu kwa ufagio alioushika yeye.

Mtawa mkubwa akatoka. Mzee mwembamba kutoka Sri Lanka, ameishi Dar miaka mingi, Kiswahili chake kinanishinda mbali. Wao humwita Bhante, ni kama kusema mheshimiwa. "Pole na safari, mama," akasema. Pole na msiba hakusema. Nililiona hilo, lakini hasira ilikuwa imeziba masikio. Aliagiza niletewe chakula: wali, dengu, na majani yaliyokatwa madogo na nazi. Yeye na Simiyu walikuwa wamemaliza kula, kwa sababu ikishapita saa sita mchana hawaonji kitu mpaka alfajiri. Nilikula sahani mbili. Nyoka sikuona.

Kwa sababu nilikuwa nimewaambia wazi kwamba nimekuja kumchukua mtu wangu, Bhante aliketi mbali kidogo akasema ni haki yangu kujua mtu wangu yuko wapi. Nikamwambia asinizungushe. Hakunizungusha.

Alisema zamani, zaidi ya miaka elfu mbili iliyopita, kule upande wa India, kulikuwa na mwana wa mfalme anaitwa Siddhartha. Alilelewa ndani ya ukuta asione shida. Siku moja akatoka akaona mzee, akaona mgonjwa, akaona maiti, halafu akaona mtawa mmoja ametulia. Akajiuliza mtu anatokaje kwenye mzunguko huu wa kuzaliwa, kuumwa, kuzeeka, kufa, na kuzaliwa tena. Usiku mmoja akaondoka.

"Alikuwa na mke?" nikauliza.

Bhante akakohoa. "Alikuwa naye."

"Na mtoto?"

"Wa kiume. Alikuwa ndio kwanza amezaliwa. Aliwaacha wamelala."

"Wamelala!" Nilisimama. Nanjala akashtuka. "Na mtoto alimwita nani?"

"Rahula. Wengine husema maana yake ni pingu."

Nilimtazama Simiyu. Alikuwa anaangalia mchanga.

Bhante hakunikemea. Akaendelea kwamba yule mtu alijitesa kwa njaa miaka sita akaona haimfikishi popote, akaketi chini ya mti wa jamii ya huu wa uwanjani, akatulia mpaka akaelewa. Ndiyo maana anaitwa Buddha, aliyeamka. Si Mungu. Hawamwombi mvua wala mtoto. "Yeye ni kama daktari," akasema. "Anakuambia maisha yana maumivu. Anakuambia chanzo: kutamani na kung'ang'ania. Anakuambia unaweza kupona. Kisha anakupa dawa, njia yenye sehemu nane: kuona sawa, kukusudia sawa, kusema sawa, kutenda sawa, kupata riziki sawa, kujitahidi sawa, kukumbuka sawa na kutuliza moyo sawa."

"Ugonjwa wangu ni huyu hapa ameshika ufagio."

"Naona," akasema Bhante.

Watu wa kawaida, akasema, wanashika mambo matano: wasiue, wasiibe, wasizini, wasidanganye, wasinywe vya kulevya. Watawa wanashika mengi zaidi, na hawamiliki kitu ila nguo, bakuli na wembe. Baadaye mfalme mmoja mkubwa wa India, Asoka, alichoka na damu ya vita akaifuata njia hii, akatuma watu kuipeleka mbali. Ndivyo ilivyofika Sri Lanka. Na enzi za ukoloni watu wa Sri Lanka walikuja Dar kufanya kazi, wakaja na dini yao, wakapanda mti.

"Yule mke," nikamrudisha. "Mume alirudi?"

"Baada ya miaka saba hivi. Mji wote ulitoka kumlaki. Yeye alibaki chumbani. Akasema, kama nina thamani yoyote kwake, atakuja mwenyewe."

"Akaja?"

"Akaenda, ndiyo."

Huyo ndiye mtu wa kwanza wa dini yao niliyemwelewa.

Mchana mvua ikanyesha, ile ya upepo. Nanjala alikuwa amelala kwenye saruji ya baraza. Sikuwa na kitu kingine cha kumfunika, basi nikavuta koti kutoka chini ya mfuko, nikamfunika.

Nikasikia ufagio umeanguka.

"Hilo ni koti la Baba," Simiyu akasema.

"Ndiyo."

"Baba alikupa?"

Nilidhani ananichezea.

"Baba hawezi kumpa mtu hilo koti." Sauti ilianza kupanda. "Mama Nanjala, Baba yuko wapi?"

"Wewe si umenyoa?"

"Nimenyoa kwa sababu ya mwezi mpevu! Tunanyoa kila mwezi ukijaa!"

Hapo ndipo nikaelewa. Tangu nifike nilikuwa nimemtukana mtu kwa msiba ambao hakuujua. Nilichukua koti kwa mtoto nikamnyooshea. Hakutandaza kitambaa. Alilitwaa mkononi mwangu, vidole vyake vikagusa vyangu, akaketi kwenye mchanga uliolowa akaingiza uso ndani ya ile kola. Bhante aliona. Akageuka akatazama mti.

Jioni Bhante alimuuliza kitu kimoja tu. "Uliniletea barua ya baba yako kwamba ameridhia uvae nguo hii. Aliandika yeye?"

Simiyu akalikunja koti mapajani. "Niliandika mimi."

Bhante akafumba macho. Akanieleza kwamba Rahula naye alipokua kidogo alifanywa mtawa bila babu yake kuulizwa. Yule babu, mfalme, alilia akamwambia Buddha: ulipoondoka wewe iliniuma, hii nayo imenikata mpaka mfupa, mtoto wa mtu asichukuliwe tena bila ruhusa ya wazazi. Tangu hapo ndiyo sheria.

"Nenda ukamsindikize baba yako," akamwambia. "Kisha muulize mama yako kwa mdomo wako. Nguo hii si jela. Mtu anavua, hakuna laana."

"Na mke haulizwi?" nikasema.

"Kitabu kinasema baba na mama."

"Hicho kitabu kiliandikwa na wanaume."

"Bila shaka," akasema yule mzee, na nusura acheke.

Dar mpaka Nairobi

Ijumaa tukapanda basi watu watatu: mimi dirishani, Simiyu upande wa njia, Nanjala na mfuko wangu katikati kama mpaka wa nchi mbili, kwa maana mtawa hakai bega kwa bega na mwanamke. Kondakta alimwita babu, akidhani ni mganga. Abiria mmoja alimwomba dawa ya mapenzi. Namanga mama mmoja wa Kimasai, ameshika shanga za kuuza, aliizunguka ile nguo yake mara mbili akaniuliza huyu ni wa ukoo gani wenye shuka baya hivi. Nikamwambia hata mimi natafuta kujua.

Lakini hapo nimeruka. Kabla ya Namanga tulichelewa njiani, tairi, halafu tairi tena, tukakuta mpaka umeshafungwa. Tulilala kwenye viti. Kila nilipopata chakula ilikuwa imepita saa sita, kwa hiyo siku hizo mbili alikula ndizi mbili za asubuhi. Sikumhurumia. Nilikula chipsi mayai mbele yake.

Jumamosi asubuhi, tukingoja geti lifunguliwe, nilimuuliza kwa nini. Alinijibu akiangalia mbele. Gereji walikuwa wanafanya kazi chini ya lori, jeki ikateleza, mwenzake akafa akiwa amemshikia tochi. Baada ya hapo hakulala miezi. Bhante alikuja kuwasomea watu wa gereji maneno ya faraja, na baadaye akamfundisha kuketi, kufuata pumzi ikiingia na kutoka, basi.

"Hapo ndipo niliweza kulala," akasema.

"Vizuri. Mimi sijalala miaka mitatu."

Geti likafunguliwa.

Tulifika Nairobi mchana. Saa hiyohiyo kule Myanga walikuwa wanamwaga udongo. Basi la Bungoma lenye nafasi lilikuwa la kesho. Simiyu aliketi kwenye kiti cha ofisi ya basi, koti mapajani, akafuata hiyo pumzi yake. Ilikuwa inakatika. Niliisikia.

Bungoma na Myanga

Jumapili alasiri tuliingia bomani kwa baiskeli mbili za boda boda. Watoto walikimbia. Mama mmoja wa kwaya akasema "Shindwe!" Udongo wa kaburi ulikuwa bado mbichi, na maua ya karatasi yameanza kuchuja rangi. Simiyu alipiga magoti hapo, na kwa mara ya kwanza nilimsikia akilia kwa sauti, kama mtu wa kawaida wa Myanga.

Barasa alimngoja amalize. "Karibu, kifungua mimba. Hiyo leso umeazima kwa nani?"

"Barasa, niache."

"Nikuache? Jumanne utanyolewa nini? Kichwa ni kama yai." Akawageukia wazee. "Asiyenyolewa hasemi. Si ndio desturi? Huyu alishanyolewa na miungu yake. Sisi tutasikiza wa pili."

Na wazee wakaanza kujadili. Jumatatu nzima walijadili. Baba Mdogo alisema mtu ni mtu hata akiwa kipara. Mwingine alisema kipara cha kuzaliwa ni sawa, lakini hiki ni cha kujitakia. Mimi nilikuwa jikoni nakoroga ugali wa watu hamsini nikisikiliza wanaume wakipima nyumba yangu kwa nywele za mtu mwingine. Nilikuwa nimesafiri wiki nzima. Nilikuwa nimetapikiwa, nimeombewa, nimefundishwa kusema naomba. Yote yanaishia kwenye kichwa kitupu.

Jumanne asubuhi mama mkwe aliinuka pale alipokuwa ameketi tangu msiba uanze. Watu wakampisha. Akamwendea mwanawe aliyekuwa kwenye kigoda.

"Ni lazima nikushike," akasema. "Hiyo nguo yako inakataa?"

"Inakataa, Mama."

"Basi."

Simiyu aliingia kwa nyumba. Alipotoka alikuwa amevaa suruali ya zamani ya babake na lile koti. Ile nguo ya rangi ya kutu alikuwa ameikunja, akaiweka juu ya kiti. Akaketi. Mama yake akapitisha kiganja juu ya kichwa chake, polepole, kutoka paji mpaka kisogoni. Tangu anyoe zilikuwa zimepita siku sita.

"Inakwaruza," akasema kwa sauti. "Kuna nywele hapa. Baba Mdogo, njoo ushike."

Baba Mdogo akashika. "Ziko."

"Barasa, njoo ushike na wewe."

Barasa hakutaka. Akashika. Akafuta kiganja kwenye suruali.

"Leteni maji na wembe."

Zilianguka kwenye karai nyeusi na fupi kama simsim. Mama mkwe alinyoa bila haraka, pamoja na mahali ambapo hapakuwa na kitu. Akamaliza, akampangusa kwa leso yake mwenyewe.

Simiyu akasimama. "Sehemu yangu kwa Baba ni ile ya kutoka barabarani mpaka kisimani, aliyompimia Mama Nanjala. Mimi ninakokwenda mtu hashiki mali. Nampa mama wa mtoto wangu, na mtoto wangu Nanjala baada yake. Nyumba pia. Barasa, umesikia?"

"Nimesikia."

"Sema wasikie wale wa nyuma."

"Nimesikia!" Barasa akafunga daftari.

Niliingia nyumbani kwangu nikafunga mlango. Nilisikia akimuuliza mama yake ile ruhusa, na mama mkwe akamjibu, "Mimi nilikuzaa, sikuolewa na wewe. Unayemwacha yuko ndani kule."

Sikutoka. Nilikumbuka yule mke wa mwana wa mfalme. Nikangoja.

Alikuja akaketi kwenye kizingiti, nje. "Mama Nanjala. Nakuomba."

"Nikikataa?"

"Nitabaki."

"Utabaki na uso upi?"

Siku nne alikaa akiwa hajavaa ile nguo, akingoja jibu. Alilima. Alimbeba Nanjala mgongoni mpaka kisimani asubuhi na jioni, na mtoto akajifunza kumwita Baba na kumpigapiga kichwa kama ngoma. Nilikuwa nawaangalia kutoka mlangoni. Mnafikiri sikutaka kusema hapana? Nilikuwa na neno mdomoni. Lakini alikuwa anatushika kama mgeni mwenye adabu anayeshika vyombo vya wenyewe, na mimi sitaki mume wa kuchungwa kama ng'ombe.

Jumamosi jioni nikamwambia, "Nenda. Sijakusamehe. Nenda tu."

Niliifua ile nguo mwenyewe nikaianika kwenye ua. Majirani wakapita njia ya mbali.

Kanduyi

Jumapili asubuhi tulimsindikiza mpaka pale mabasi yanaposimama. Alikuwa ameshaivaa. Koti alilirudisha kwa mama yake, kwa sababu hashiki mali. Alikuwa amefunga njugu kwenye kitambaa, nilikuwa nimeziweka chini akaziokota. Basi likaja. Akaunganisha viganja kifuani, akainamisha kichwa.

Nanjala alidhani wanaenda kisimani. Akamkimbilia, akasimama mbele yake, akanyoosha mikono yote miwili juu abebwe.

Simiyu alibaki na viganja vyake vimeungana. Mtoto akaruka kidogo pale chini, akidhani hajaonekana, akanyoosha tena.

Nikamchukua mimi. Amekuwa mzito, sikuwa nimejua. Tulivuka barabara tukapanda gari la Kimilili, tukarudi Kitale.